Nguzo za chuma viwandani: Muda wa kustahimili moto hupimwaje?

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, vyumba vya nyumba kongwe ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Upande wa pili wa kisiwa hicho, katika eneo la Shimanzi lenye gati na mabohari ya mafuta, mabomba, majukwaa ya kujazia malori na mapaa hubebwa na nguzo na mihimili ya chuma.

Wengi hudhani kwamba moto ukizuka, chuma ndicho kitakachosimama muda mrefu zaidi. Dhana hiyo si sahihi kila mara. Boriti nene huungua polepole kuanzia nje, na kaa linalojifanya juu yake huukinga moyo wa mti. Chuma hakiungui, lakini hupitisha joto upesi hadi ndani. Ingawa huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, kikifika nyuzi 600 huwa kimebakiwa na chini ya nusu ya nguvu zake. Nguzo haihitaji kuyeyuka ndipo ianguke. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi huchukua nyuzi 550 kuwa kikomo cha nguzo iliyobeba mzigo wake wote.

Kiwango cha ustahimilivu wa moto ni muda, kwa dakika, ambao nguzo au mhimili hubeba mzigo wake ndani ya tanuri la majaribio kabla ya kushindwa. Matokeo huwekwa katika makundi ya dakika 30, 60, 90, 120 na kuendelea. Tanuri hupashwa joto kwa mpangilio maalumu. Katika ule wa kimataifa wa ISO 834, joto hufika takribani nyuzi 840 baada ya nusu saa na 945 baada ya saa moja.

Hapa ndipo penye mtego kwa viwanda vya mafuta. Mpangilio huo ulibuniwa kwa kuzingatia moto wa mbao, karatasi na samani, yaani moto wa nyumba na ofisi. Petroli iliyomwagika na kushika moto haingoji nusu saa. Mpangilio wa majaribio unaoiga moto wa mafuta huvuka nyuzi 900 katika dakika 5 za kwanza, kisha hukaribia 1,100. Kwa hiyo cheti cha dakika 120 kilichopatikana katika jaribio la kwanza hakimaanishi dakika 120 kando ya tangi la petroli. Mnunuzi anayesoma nambari bila kuuliza ni ya moto gani huwa amenunua nusu ya habari.

Jambo la pili ni umbo la chuma chenyewe. Mhandisi huchukua mzingo wa sehemu inayopigwa na moto na kuugawa kwa eneo la mkato wa chuma. Mhimili mwembamba wenye mzingo wa mita 1.2 na mkato wa mita za mraba 0.004 hupata uwiano wa 300, na usipokingwa huweza kufika nyuzi 550 kwa takribani dakika 10 tu. Nguzo nzito yenye uwiano wa 50 huchukua kama dakika 20. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kikosi cha zimamoto kinachopaswa kuamua iwapo kitaingia chini ya paa au kitapigia maji kutoka mbali.

Mfano unaotajwa sana ni wa ukumbi wa maonyesho wa McCormick Place, Chicago. Januari 1967 moto ulianzia kwenye vibanda vya maonyesho, na paa lililobebwa na fremu za chuma zisizokingwa likaanguka.

Kinga zipo za aina nyingi: zege, lipu nyepesi ya kupuliziwa, mbao za jasi, na rangi inayoumuka kama unga wa mandazi inapopata joto. Unene wake hutegemea uwiano uliotajwa, mzigo na aina ya moto. Katika viwanda vya mafuta, si kila chuma hukingwa. Hutazamwa kwanza mahali mafuta yanapoweza kutuama, kisha nguzo za hapo hukingwa hadi kimo cha kati ya mita 6 na 12 hivi.

Mombasa ina adui wa ziada, hewa ya chumvi. Maji yakipenya kwenye ufa wa zege, kutu hula chuma kisirisiri huku sura ya nje ikionekana nzima. Ukaguzi wa macho pekee hautoshi; hapana budi baadhi ya sehemu zifunguliwe.

Nchini Kenya, kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi za mwaka 2007 zinadai ukaguzi wa usalama wa moto. Mitungi ya kuzimia na milango ya dharura ni rahisi kuhesabu. Hesabu ya nguzo huhitaji michoro ya ujenzi na cheti cha kinga, nyaraka ambazo hupotea kwa urahisi kituo kinapobadili wenyewe au kazi.

Mabadiliko ya aina hiyo si mageni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ng'ambo ya kisiwa, kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha mafuta ghafi 2013, kisha matangi yake yakatumiwa kuhifadhi mafuta. Matumizi yakibadilika, mahali pa kumwagikia mafuta hubadilika, na nguzo iliyokuwa mbali na hatari yaweza kujikuta katikati yake. Hapo hesabu huanzishwa upya, hata kama chuma ni kilekile.