Begi la mgongoni: historia fupi kutoka mtumba wa mpagazi hadi Fort Ternan

Kila nikienda Nairobi kikazi, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini mtengenezaji wa programu anabeba begi lililopauka kama la mwanafunzi wa shule ya msingi. Jibu fupi ni kwamba nimelichagua hivyo makusudi. Jibu refu ni historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita karibu na nyumbani kwangu hapa Fort Ternan. Kwa hiyo leo tuache habari za programu na seva kidogo, ndugu zangu, tuzungumzie mizigo.

Hoja yangu ni hii. Begi la kila siku ambalo litakufaa pia siku ya balaa linahitaji mambo matatu: uzito wenye kikomo, thamani isiyoonekana kwa nje, na uimara ambao fundi wa karibu anaweza kuurudisha ukipungua. Sikuyapata mambo haya kwenye matangazo ya maduka. Walioyalipia ni watu waliobeba mizigo kabla yetu.

Mtumba ulikuwa nini?

Leo ukitaja mitumba, kila Mkenya anawaza nguo za Gikomba. Lakini neno lenyewe ni la zamani. Mtumba ulikuwa bunda la vitambaa lililofungwa kwa kipimo cha mpagazi mmoja wa msafara. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ikiwa na merikani, kaniki, shanga na waya, ikarudi na pembe za ndovu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 27 hadi 32, juu ya ngata kichwani au begani. Juu ya hapo aliongeza vitu vyake: mkeka, kibuyu, pengine na silaha. Sufuria haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa mali ya kambi, yaani kikundi cha watu waliopika na kula pamoja.

Tazameni mpango huo kwa jicho la fundi wa mitambo. Mizigo yote ilikuwa na uzito unaokaribiana, kwa hiyo mpagazi akiugua mwingine aliweza kupokea mzigo wake bila kuufungua na kuupanga upya. Vitu vya pamoja vilibebwa mara moja tu. Sisi tunaoandika programu tunajisifu kwa mambo kama hayo, kumbe wapagazi waliyajua zamani.

Udhaifu wa msafara ulikuwa kuonekana. Merikani ilitumika kama fedha bara, na pembe ya ndovu haina pa kufichwa. Kila aliyeuona msafara kutoka mlimani aliweza kukadiria utajiri unaopita. Ndiyo maana safari kubwa zilihitaji bunduki nyingi, na bunduki nazo ni mzigo.

Reli inashusha mizigo

Jina la Fort Ternan limetoka kwa Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kukaimu ukuu wa utawala wa Uganda. Msishangae: sehemu hii ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda mpaka mwaka 1902. Wageni wengi wanaijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1962 Louis Leakey alitangaza mabaki ya kiumbe aliyemwita Kenyapithecus wickeri, yaliyopatikana hapa katika shamba la Fred Wicker, yenye umri wa takriban miaka milioni 14.

Lakini kwa habari ya mizigo, mwaka wa kukumbuka ni 1901. Mwezi Desemba mwaka huo reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu, baada ya kuteremka kutoka Mau kupitia Lumbwa (leo Kipkelion), Fort Ternan na Muhoroni. Kati ya Mau na ziwa ilibidi yajengwe madaraja marefu ya chuma, kazi iliyopewa kampuni ya Kimarekani. Tangu siku hiyo behewa moja liliweza kubeba mizigo ya mamia ya wapagazi. Mtu angedhani kazi ya kubeba kwa mgongo imekwisha.

Kariakoo

Haikwisha. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walimfuata von Lettow-Vorbeck mahali pasipo na reli wala barabara, nao wakarudi kwa mpagazi. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Wananchi walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, na limebaki hadi leo: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1917 ukusanyaji ulikuwa wa nguvu katika wilaya nyingi za Kenya. Takwimu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Hesabu yenyewe inatisha. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 20 na kuwafikishia askari kilo 5 tu. Ni sawasawa na programu inayomaliza kumbukumbu yote ya kompyuta kwa kujiendesha yenyewe. Dawa iliyotumika ilikuwa kuongeza watu na kupunguza chakula chao, na watu wakafa. Tangu nilipofanya hesabu hii, kila kitu ninachotia begini nakiuliza: je, utanifaa kuliko utakavyonichosha?

Kilo ngapi?

Swali hilo lina jibu la kisayansi, tena la hapa kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy na wenzake, waliopima hewa ya oksijeni inayotumiwa na wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kichwani. Waligundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Askari wapya waliobeba asilimia 20 hiyo hiyo kwa mabegi ya mgongoni walihitaji nguvu zaidi kwa asilimia 13 hivi.

Mama zetu walizoea tangu utotoni, sisi wa mezani hatuna ujuzi huo. Kwa hiyo asilimia 20 naichukulia kuwa dari, si sakafu. Mimi nina kilo 65. Dari yangu ni kilo 13. Mpagazi wa msafara alibeba karibu nusu ya uzito wake. Hapo ndipo utaelewa kwa nini walikufa.

Hata kikapu cha mchuma chai wa Kericho kina somo. Kinakaa mgongoni, juu kiko wazi, na mikono yote miwili inabaki huru kuchuma majani mawili na kichipukizi. Hakishindiliwi, maana majani yakibanwa hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Kipakatalishi nacho hakipendi kubanwa wala joto.

Kutoka jeshini hadi darasani

Begi la kisasa lina wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni jeshi, na neno letu shanta bado linanukia kambi ya askari. Jeshi la Marekani lilipitisha mfumo wake wa ALICE mwaka 1973, kisha ukaja MOLLE mwaka 1997, wenye safu za kanda za kuning'inizia vifuko. Mzazi wa pili ni mwanafunzi. Kampuni ya JanSport ilianzishwa Seattle mwaka 1967 kwa ajili ya wapanda milima, lakini mabegi yake mepesi ya nailoni yalipouzwa katika duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Washington, wanafunzi waliyachukua ili kukinga vitabu na mvua.

Wauzaji wa leo wanapenda kutusukuma kwa mzazi wa kwanza: rangi ya jeshi, kanda kila upande, ndoano za chuma. Kwetu hilo ni kosa. Sheria ya Majeshi ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini. Begi si sare, ni kweli, lakini askari wa kizuizini hana muda wa mjadala wa kisheria. Na tangu shambulio la Westgate mwaka 2013, kupekuliwa begi mlangoni ni jambo la kila siku mjini. Mwizi wa stendi naye anasoma begi lako kabla hajasoma uso wako.

Siku ya kuondoka

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi Oktoba 1991 mapigano ya ardhi yalianza katika shamba la Meteitei huko Tinderet, ng'ambo tu ya bonde letu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 moto uliwaka nchi nzima. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kipkelion na vijiji vya jirani havikusalimika.

Nilikuwa kijana wakati huo na niliona watu wakiondoka. Aliyebeba godoro na televisheni alitangaza mambo mawili kwa mara moja: kwamba anahama, na kwamba ana mali. Mama mmoja jirani yetu alipita na kiondo cha sukuma wiki. Chini ya mboga kulikuwa na vitambulisho, hati ya shamba na vyeti vya shule vya watoto wake wanne. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wengi walioondoka na vitu vikubwa walipoteza hata vile vidogo, na kijana asiye na kitambulisho wala cheti huanza maisha upya kutoka sifuri.

Somo jingine la siku zile ni mawasiliano. Vocha za simu ziliadimika. M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilikuwa changa lakini ilionyesha kwamba fedha zinaweza kusafiri bila kubebwa. Januari 2008 wanablogu na watengenezaji programu wa Kenya walianzisha Ushahidi, ramani ya kupokea taarifa za ghasia kwa ujumbe mfupi na mtandao. Vyote hivyo vilitaka kitu kimoja tu mkononi mwako: simu yenye chaji.

Jinsi ninavyochagua

Begi langu nililinunua mtumbani, nikaona neno linarudi kwao. Ni la kijivu, halina nembo kubwa, linatosha lita 25 hivi. Ukienda sokoni, fanya hivi:

1. Soma lebo ikiwa ipo. 500D maana yake uzi wa mita 9,000 una uzito wa gramu 500. Namba ikiwa kubwa kitambaa huwa kizito na kigumu kuchanika. Kwa kazi ya kila siku 500 inatosha.
2. Geuza ndani nje. Utando wa ndani ukinata au ukibanduka kama magamba, liache.
3. Vuta mikanda pale inaposhonwa kwenye begi. Hapo ndipo mabegi hufia. Fundi wa viatu ataongeza mshono wa uzi wa nailoni kwa bei nafuu.
4. Fungua na kufunga zipu mara kumi, hasa penye kona. Zipu ikiwa nzito, isugue kwa mshumaa.

Mvua ya Kericho haina mzaha, na mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Mimi naweka vitu ndani ya mfuko mzito wa plastiki, ule unaokuwa ndani ya gunia, niliouosha vizuri, nikauviringisha mdomo.

Kilichomo kila siku: kipakatalishi na waya wake, betri ya kuchajia simu, chupa ya maji. Kilichomo daima bila kutolewa: nakala za vitambulisho na vyeti, diski ndogo iliyofungwa kwa nenosiri, tochi, dawa, filimbi, shati moja, noti ndogo ndogo. Jumla ni kilo saba. Sufuria anayo jirani yangu. Tumekubaliana, kama kambi ya wapagazi.

Jioni ya leo pandisha begi lako kwenye mizani, kisha ligawanye kwa uzito wako mwenyewe. Likizidi sehemu moja ya tano, toa kitu. Halafu hakikisha karatasi zako zimo.