Mashine Ilianza na Majani Chai, Ikaja kwa Laptopu Yangu

Mei 2023 nilikuwa Kericho mjini, kwenye chumba cha kukodi, namwandikia mwanafunzi fulani wa Marekani insha kuhusu Mapinduzi ya Viwanda. Kurasa nane, shilingi 250 kila ukurasa. Wiki hizo hizo, si mbali na nilipokaa, watu walivamia mashamba makubwa ya chai wakachoma mashine za kuchuma majani. Polisi wakaja, na mtu akauawa. Mimi nilikuwa kwenye aya ya wafumaji wa Uingereza waliovunja mitambo ya kufuma mwaka 1811 na 1812. Naapa sikuunganisha. Nilituma kazi nikalala.

Hiyo kazi ya "uandishi wa mtandaoni", wasee, sote tunaijua. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na haikuwa siri kwamba vijana wengi plotini walikuwa wanasomea Wazungu digrii. Mwenye akaunti anapokea dola, anakupa ukurasa, anakukata. Jina lako halipo popote. Nililipa nyumba hivyo na dada yangu akamaliza Form Four, kwa hivyo sitaitukana.

Halafu ChatGPT ikaja. Kufikia mwisho wa 2023 mwenye akaunti alikuwa hapokei simu zangu. Na hapa ndipo nilicheka peke yangu: Januari mwaka huo jarida la Time lilikuwa limeandika kwamba Wakenya, hapa hapa Nairobi, walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchambua maandishi machafu ili mashine hiyo ijifunze adabu. Yaani tuliifunza, kisha ikatufuta kazi.

Basi nikaanza kusoma historia ya kwetu, hii ambayo sikufundishwa nikiwa darasani nikiangalia majani chai dirishani.

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru, 1903. Kericho ilifika kwa nguvu miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipochukua ardhi kubwa ya Wakipsigis. Waliosumbua waliondolewa: ukoo wa Talai, familia nzima nzima, walihamishwa kwa sheria ya 1934 wakapelekwa Gwassi, joto na mbung'o. Na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake. Kuchuma ya Mzungu, ruksa. Mche wako, hapana.

Mlango ulifunguka miaka ya 1950 na Mpango wa Swynnerton, 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalum, na 1964 ikawa KTDA. Hapo lazima niwe mkweli. Mabati ya nyumba ya kogo yangu yalitoka kwa bonasi. Karo ya wajomba zangu ilitoka hapo. Litein, Kapkatet, Mogogosiek, kila kituo cha kupimia majani kilijenga shule ya mtu. Ukimwambia kogo kwamba chai ilitudanganya, atakuuliza wewe umejenga nini.

Lakini angalia ni kazi gani tulipewa. Viwanda vyetu karibu vyote vinatumia mtambo wa CTC, ambao William McKercher alibuni Assam mwaka 1930. Jani linasagwa, linachanwa, linaviringishwa kuwa punje ndogo. Punje hiyo inatoa rangi haraka na inaingia vizuri kwenye pakiti ndogo za kutumbukiza kikombeni. Inafaa sana kuchanganywa na chai ya wengine. Tunaijaza kwenye magunia ya karatasi, inaenda mnadani Mombasa (mnada ulianza Nairobi 1956, ukahamia Mombasa 1969), inauzwa kwa dola, na huko mbele inachanganywa, inapewa jina, inapewa boksi lenye picha. Kenya ndiyo inauza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sasa nenda duka lolote London utafute neno Bomet kwenye boksi.

Ni zile kurasa nane zangu, kwa magunia. Kazi yetu, jina lao.

Usidhani hatuna akili ya kubuni. Pale Timbilil, karibu na mji wa Kericho, kuna kituo cha utafiti wa chai ambacho kimekuwepo tangu enzi za ukoloni. Wanasayansi wake walikaa takriban miaka 25 wakizalisha na kuchagua miche, na 2011 wakatoa TRFK 306, chai ya zambarau. Jani lenyewe ni zambarau kabisa kwa sababu ya anthosianini, ile rangi iliyo kwenye zabibu nyeusi. Inavumilia ukame na baridi kuliko miche mingi. Hii si kitu tulichotumiwa na mtu. Ni yetu.

Wakulima wakapanda. Halafu wakapeleka majani kituoni na mengi yakamwagwa kwenye gari moja na ya kijani, yakalipwa bei ile ile. Hii sehemu ndiyo huniumiza, kwa hivyo nivumilie kidogo. Kiwanda kilichojengwa kutoa punje za CTC kwa tani hakiwezi kusimama kwa sababu ya magunia matatu ya zambarau. Chai hiyo inahitaji laini yake, moto wake, mikono yenye subira. Na ukishaitengeneza, mnadani mnunuzi anayetafuta punje za kuchanganya haihitaji. Kwa hivyo ubunifu ulikuwepo, mche ulikuwepo, lakini kila kitu baada ya mche kilikuwa kimejengwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Watu hupenda kusema "tengenezeni kama M-Pesa". Sawa, 2007, fahari yetu. Lakini hata M-Pesa, kompyuta zilizobeba mfumo wake zilikaa Ujerumani hadi 2015. Kuleta kitu nyumbani huchukua muda hata ukishafaulu. Mfano ninaoupenda mimi ni mdogo zaidi: Ketepa, iliyoanza miaka ya 1970 hapa hapa Kericho, inapakia chai ikiwa na jina, Fahari ya Kenya, na iko kwenye rafu ya kila duka mtaani kwenu. Hakuna anayeiita teknolojia. Lakini mtu aliamua pakiti ifungwe hapa.

2025 bonasi ya huku kwetu ilishuka vibaya, wakulima wakaandamana. Mathe alirudi nyumbani akang'oa gugu moja tu kisha akakaa chini. Nikamwambia tupande 306 nusu ya shamba. Akaniuliza swali moja: "Nani atanunua?" Sikuwa na jibu. Akanipa mistari minne, ile iliyo karibu na choo.

Miche itachukua kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Kwa hivyo nimeenda kwa jirani aliyepanda zamani, nikanunua kilo tano za majani yake ya zambarau. Nimenyausha juu ya gunia, nikaviringisha kwa mikono, nikakausha kwa sufuria. Kilo tano hutoa takriban kilo moja ya chai kavu. Mimi nilipata pungufu, kwa sababu ya kwanza niliunguza.

Nilimpikia mathe bila maziwa. Nikakamua ndimu, chai ikageuka waridi mbele ya macho yake. Akaitazama kikombeni muda mrefu.

"Hii ni chai ama ni dawa?"

"Ni chai, mama."

Akainywa yote. Kisha akaniuliza pakiti nitaziandika nini.