Jino la Bandia na Hesabu ya Nyumba

Kiswahili kina majina mawili ya meno yasiyohesabiwa kuwa ya kweli, na kila jina lina historia yake. La kwanza ni meno ya bandia, yaani meno yaliyotengenezwa na fundi na kutiwa kinywani mwa mtu aliyepotewa na meno yake. La pili ni meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Haya hayatengenezwi na mtu, wala hayatiwi kinywani. Hudhaniwa kuwa yamo katika ufizi wa mtoto mchanga, nayo hung'olewa. Ya kwanza huziba pengo. Ya pili huacha pengo mahali palipokuwa pazima. Lakini mwenye kuyachunguza yote mawili atakuta kuwa mlezi wao ni mmoja, naye ni hofu ya nyumba juu ya gharama za kesho.

Imani ya meno ya nailoni ilivuma katika Tanzania miaka ya 1980. Mtoto wa miezi minne, sita au kumi alipopatwa na homa, kuharisha na kutapika, wazazi waliambiwa watazame ufizi wake mahali pa chonge. Walipoona uvimbe mdogo mweupe, walielezwa kuwa hilo si jino la haki bali ni kitu kiovu, ambacho kisipotolewa kitaua. Mganga akapasua ufizi kwa kisu, kwa ukucha au kwa spoku ya baiskeli, akatoa kijipande cheupe, akawaonyesha wenye mtoto. Mahali pengine dawa za miti zilisuguliwa juu ya ufizi. Kijipande kile kilikuwa mbegu ya jino la utotoni ambalo halijapata ugumu wake, ndiyo maana kilikuwa laini. Mama hakudanganywa na macho yake. Aliona kitu kilichokuwapo, ila alipewa tafsiri isiyo kweli.

Imani hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya meno ya watoto wa Uganda yaliyoharibiwa kwa namna hii, na habari zinazofanana nazo zimepatikana Ethiopia, Sudani na Somalia. Basi swali la mwanahistoria si kwa nini kabila fulani liliamini, bali kwa nini imani hii ilipata nguvu Tanzania katika miaka ile hasa.

Jibu moja limo katika hesabu ya nyumba, na hesabu hiyo husomeka vizuri mpakani, katika mahali kama Njisi. Imani ya meno ya nailoni haikuzaliwa Njisi, wala si mali ya Wanyakyusa. Ila mpaka ni mahali ambapo bei husema waziwazi. Njisi ni kata ya Wilaya ya Kyela, katika tambarare ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, jirani na Kasumulu. Mto Songwe hutenga Tanzania na Malawi, na ng'ambo yake hukaa Wangonde, jamaa wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa desturi. Mvua ya masika ni nyingi mno. Huleta mpunga wenye sifa ya kunukia, hustawisha kokoa na michikichi, kisha huleta mafuriko na mbu. Shamba lile lile hutoa chakula, fedha na homa.

Tangu utawala wa Waingereza nyumba za Unyakyusa ziliishi kwa mapato yasiyo na hakika. Wanaume wengi walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na hata migodi ya Afrika Kusini. Wanawake walibaki na mashamba, watoto na hesabu. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali ilikomesha uandikishaji wa watu wa kwenda migodi ya Afrika Kusini. Lilikuwa jambo la heshima kwa taifa, lakini kwa baadhi ya nyumba mlango mmoja wa fedha ulifungwa.

Kisha zikaja taabu kubwa zaidi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mkulima akabaki na mashirika ya umma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa mwaka 1977. Vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni, na bei ya mafuta ya petroli ikapanda tena katika mwaka ule ule wa 1979. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo viliadimika kote nchini. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwasaka wahujumu uchumi, na katika nyumba za mpakani mche wa sabuni uliovuka mto uliweza kumtia mtu mashakani. Mwaka 1986 nchi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na thamani ya shilingi ikashushwa sana. Bidhaa zilirudi madukani, lakini zilirudi na bei mpya.

Katika hali hiyo mtoto akiugua, mama alikuwa na njia gani? Matibabu ya serikali yalikuwa bure. Lakini dawa isiyokuwapo haina bure wala bei. Akina mama walifundishwa kuwa mtoto anayeharisha apewe maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi. Mafundisho hayo yalikuwa ya kweli na yameokoa watoto wengi duniani, lakini yalifika katika nyumba ambazo sukari yenyewe ilikuwa ya kupangiwa foleni. Kwa upande wa homa ilikuwapo klorokwini. Dawa hiyo ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea vya malaria, hata mwaka 2001 Tanzania ikaiacha isiwe tena dawa ya kwanza. Kabla ya hapo mama alimpa mtoto vidonge, homa ikashuka, kisha ikarudi. Aliyeona dawa ya hospitali imemezwa na homa imerudi alikuwa na haki ya kuuliza kama ugonjwa huu ni wa hospitali.

Mganga alikuwa na jibu lililo tayari. Tena umri ulimsaidia. Maana tangu miezi sita mtoto huanza kula na kutambaa, kinga aliyopewa na mama yake hupungua, na ufizi wake huanza kuvimba kwa meno yanayokuja. Mambo hayo hufuatana bila moja kulizaa lingine. Juu ya hayo, kazi ya mganga ilikuwa ya mara moja. Kwenda zahanati mara tatu ni siku tatu zilizoondolewa katika mpunga. Kung'oa ni asubuhi moja. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mzazi aliyempeleka mwanawe kwa mganga aliamini kuwa anaziba ufa.

Jina lenyewe latoa ushahidi. Nailoni ni kitu cha kiwandani, kilichotangazwa Marekani mwaka 1938, nacho kiliwafikia watu wa ziwani kwa nyavu, kamba na mashati. Ugonjwa uliovuma wakati wa uhaba wa bidhaa ulipewa jina la bidhaa, kana kwamba kitu kisicho asili kimepenya hata ndani ya kinywa cha mtoto.

Msomaji asidhani kuwa hesabu ya namna hii ni ya Waafrika tu. Karne ya 18 matajiri wa Ulaya na Marekani walitiwa meno yaliyochongwa kwa meno ya kiboko. George Washington alikuwa nayo alipokuwa Rais mwaka 1789. Katikati ya karne ya 19 mpira uliogumishwa ulishusha bei, na meno ya bandia yakaanza kuwafikia watu wa kazi. Ndipo katika sehemu za Uingereza ikaingia desturi ya kung'oa meno yote ya kijana, hata yaliyo mazima, na kumpa ya bandia, kwa kuwa jino zima la leo lilihesabiwa kuwa deni la kesho. Bibi harusi aliweza kung'olewa meno na kupewa mapya kama zawadi, ili mume asije akabeba gharama. Huduma ya taifa ya afya ilipoanza mwaka 1948, meno ya bandia yalitolewa bure, na waliyoyataka wakawa wengi mno. Mwaka 1951 serikali ikatoza sehemu ya gharama, na waziri aliyeiasisi huduma hiyo, Aneurin Bevan, akajiuzulu. Hata mwaka 1968 watu wazima 37 katika kila 100 wa England na Wales hawakuwa na jino lao hata moja. Watu hao walikuwa na shule, magazeti na madaktari. Hata hivyo waling'oa kilicho kizima kwa kuogopa bei.

Tofauti ni kwamba kijana wa Uingereza alipoteza meno, na mtoto wa Tanzania aliweza kupoteza uhai. Alivuja damu, au aliingiwa na usaha na pepopunda kwa chombo kichafu; na wakati ufizi ukishughulikiwa, malaria na kuharisha viliendelea na kazi yao. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza wagonjwa. Watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa ada, lakini nauli na siku ya kazi havikusamehewa. Mahubiri dhidi ya ujinga hayakugusa hesabu hiyo. Mama anapoitwa mjinga huona haya, lakini hesabu yake hubaki ilivyo. Dawa inapokuwapo, karibu, na inayoponya, hesabu yenyewe hubadilika.

Waliozaliwa katika miaka ile ya uhaba sasa ni watu wa makamo. Kisu kilichotafuta jino la utotoni mara nyingine kiliharibu mbegu ya jino la ukubwani lililo chini yake. Kwa hiyo baadhi yao hawana chonge, na wengine wana chonge lililopinda. Mwenye pengo hilo, akitaka kuliziba, humwendea daktari wa meno na kuuliza bei ya jino la bandia.