Ukadiriaji wa mtiririko wa maji

Ukadiriaji wa mtiririko wa maji ni hesabu ya kujua ni kiasi gani cha mvua iliyonyesha juu ya beseni la mto kitafika mtoni na hatimaye bwawani. Wasimamizi wa mabwawa huitumia ili kuamua wafungulie maji kiasi gani leo bila kubaki na bwawa tupu mwishoni mwa kiangazi, au bwawa lililofurika wakati wa mvua.

Kutoka mvua hadi mto

Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Hivyo mvua ya milimita 60 kwenye beseni la kilomita za mraba 200 ni mita za ujazo milioni 12. Sehemu kubwa ya maji hayo haifiki bwawani: hunaswa na majani, huzama ardhini au hurudi hewani kama mvuke.

Njia moja inayotumika sana ilibuniwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani katika miaka ya 1950. Ardhi hupewa namba (N) isiyozidi 100: ndogo kwa msitu wenye udongo wa kichanga, kubwa kwa udongo wa mfinyanzi ulio wazi au mji wenye lami. Kwanza hutafutwa uwezo wa ardhi kushika maji, S = 25,400/N − 254, kwa milimita. Mvua (P) ikizidi 0.2S, kina cha maji yanayotiririka ni (P − 0.2S)² / (P + 0.8S).

Tuseme N ni 75. Mvua ya milimita 60 itatoa mtiririko wa milimita 14.5 hivi, yaani mita za ujazo milioni 2.9 katika beseni letu. Mvua ya milimita 30 itatoa milimita 1.75 tu. Mvua imepungua kwa nusu, lakini maji yamebaki moja ya nane. Ndiyo sababu mwaka wenye mvua "kidogo tu chini ya wastani" unaweza kuliacha bwawa katika hali mbaya.

Pasipo vituo vya kupimia mto, hesabu hufanywa kinyumenyume: ongezeko la maji bwawani, pamoja na yaliyofunguliwa na yaliyopotea kwa mvuke, ndiyo yaliyoingia. Mvuke si jambo dogo. Uso wa kilomita za mraba 600 ukipoteza milimita 5 kwa siku, zimeondoka mita za ujazo milioni 3.

Mfano wa Mtera

Bwawa la Mtera liko kwenye mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa nchini Tanzania. Lilijengwa hasa kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu (megawati 204) kilichoko chini yake. Baadaye Mtera yenyewe iliwekewa mitambo ya megawati 80. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690.

Katika miaka ya 1990 maji yalipungua, ukaja mgawo wa umeme. Wakati huohuo Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na lawama zikawaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Watafiti waliopiga hesabu upya walionyesha kuwa Mtera hujazwa hasa na maji ya msimu wa mvua, mtiririko wa kiangazi ukiwa sehemu ndogo, na kwamba namna bwawa lilivyoendeshwa ilichangia upungufu huo. Kukauka kwa mto hifadhini ni tatizo la kweli, lakini ni tatizo jingine. Hata hivyo, mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao.