Mlinzi aliyesimama si lazima awe na haki: Jinsi refa wa vikapu anavyoamua mgongano

MCHEZAJI ameruka kuelekea kikapuni, mlinzi yuko mbele yake, wote wawili wanaanguka na filimbi inalia. Katika ukumbi wa Makande kisiwani Mombasa, nyumbani kwa timu za mpira wa vikapu za Mamlaka ya Bandari nchini (KPA), kama katika viwanja vingine, ni maamuzi machache yanayowagawanya mashabiki kiasi hicho. Wengine hushikilia kwamba mlinzi alikuwa amesimama. Wengine hudai mrushaji ameonewa.

Uamuzi huo una uzito. Kosa likiwa la mlinzi, mrushaji hupewa mitupo huru 2, au 3 iwapo alirusha akiwa nje ya mstari wa pointi 3. Mpira ukiingia, bao huhesabiwa na mtupo mmoja huongezwa. Likiwa la mshambuliaji kabla mpira haujamtoka mikononi, bao halihesabiwi na wapinzani hupewa mpira. Aidha, anayefikisha makosa 5 huondoka mchezoni. Kenya yenyewe inajua thamani ya pointi moja: Februari 2021 jijini Yaoundé, iliilaza Angola 74-73 na kufuzu kwa fainali za mataifa ya Afrika zilizoandaliwa Kigali mwaka huo.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu (FIBA), ambazo ndizo zinazotumika nchini, haziulizi tu iwapo mlinzi alisimama tuli. Zinauliza ni nani aliyeitwaa nafasi kwanza, na kwa njia gani.

Ili nafasi yake iwe halali, mlinzi sharti awe amemkabili mpinzani na miguu yake yote miwili iwe imekanyaga sakafu, kabla ya kugusana. Baada ya hapo si lazima agande kama nguzo. Anaweza kusogea kando au kurudi nyuma, na hata kuruka wima. Akigongwa kifuani katika hali hiyo, kosa ni la mshambuliaji.

Kila mchezaji humiliki pia mcheduara wa kubuni, mfano wa pipa lisiloonekana, unaomzunguka kutoka sakafuni hadi juu. Kwa mbele unakomea kwenye viganja, kwa nyuma kwenye makalio, na kando kwenye pande za nje za mikono na miguu. Mlinzi aliyeinua mikono wima yumo ndani ya milki yake. Akiiinamisha mbele ikamgonga mrushaji, ametenda kosa, hata kama miguu yake haikusogea hata inchi moja.

Mfano wa vichochoro vya Mji wa Kale unafaa hapa. Aliyetangulia kusimama katika ujia mwembamba ana haki ya mahali pale, na anayekuja na mkokoteni hana budi kusimama au kupinda. Lakini anayejitupa mbele ya mkokoteni ambao hauwezi tena kusimama hawezi kumlaumu hamali.

Katika vikapu, mpaka kati ya hali hizo mbili ni kuruka. Mshambuliaji mwenye mpira ambaye angali sakafuni anapaswa kutarajia kuzuiwa wakati wowote, hata mlinzi akitokea mbele yake ghafla. Muda na umbali havizingatiwi. Akisharuka, mlinzi haruhusiwi tena kuingia katika njia yake wala mahali atakapotua.

Kifungu hicho kinalinda miili. Mei 2017, Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs alitua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State Warriors, akaumia kifundo na hakucheza tena katika mfululizo huo. Kabla ya msimu uliofuata, ligi ya NBA iliwaruhusu marefa wake kutoa adhabu kali zaidi kwa mlinzi anayemnyima mrushaji nafasi ya kutua.

Upo pia upekee mmoja. Chini ya kikapu huchorwa nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25, iliyoanza kutumika katika kanuni za FIBA mwaka 2010. Mlinzi aliyekanyaga eneo hilo hawezi kupata kosa la kugongwa na mshambuliaji aliyeruka akirusha au kutoa pasi, isipokuwa mshambuliaji huyo ametumia mkono, mguu au mwili isivyo halali. Lengo ni kuwazuia walinzi kujipanga chini ya kikapu wakisubiri kugongwa.

Mlinzi anayejiangusha kumhadaa refa naye hasameheki. Kwa kawaida huonywa kwanza, na akirudia huadhibiwa kwa kosa la kiufundi.

Hii ndiyo sababu refa stadi, mrushaji anapoelekea kikapuni, humtazama zaidi mlinzi kuliko mpira: miguu yake ilikanyaga wapi, lini, na mikono yake ilikuwa wapi mrushaji alipoiacha sakafu. Shabiki anayefuata mpira kwa macho huona mwisho wa tukio tu, yaani watu wawili wakianguka, ilhali jambo linaloamua kosa lilikwisha kutokea kabla hawajagusana.