Mpangile Alikuwa Upande Gani?

Kutoka Ipelele, kwenye baridi ya milima ya Makete, barabara inateremka hadi Njombe, inagusa Makambako, kisha inashika njia ya Iringa. Huko kote Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hahitaji kutambulishwa. Lugalo, 17 Agosti 1891, jeshi lake lilikisambaratisha kikosi cha Wajerumani. Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka, naye akaingia porini. Mimi namtafuta ndugu yake, Mpangile. Wavamizi walimkalisha kwenye kiti cha Uhehe Desemba 1896, wakamnyonga mapema 1897. Alikuwa mtu wa nani?

Kumbukumbu za Wajerumani zina jibu fupi: alimsaidia Mkwawa kwa siri. Lakini jibu hilo limetoka kwa waliomnyonga, na mshtaki ndiye aliyekuwa hakimu. Siwezi kulipokea hivihivi. Simulizi inayofundishwa nayo hainifikishi mbali; inamfuata Mkwawa hadi alipojipiga risasi Julai 1898. Nitapima vipi shitaka ambalo mshitakiwa hakuacha neno?

Njia ilipoziba nilikwenda mbali kutafuta mfano, Misri ya mwaka 525 KK, Waajemi walipoiteka. Miongo kadhaa baadaye Herodoto aliandika kwamba mfalme wao, Kambise, alimchoma kisu Apis, fahali mtakatifu, na fahali huyo akafa. Mawe ya Sakara, makaburini mwa mafahali hao, yanasema vingine: fahali alizikwa kwa heshima, na jeneza lake lina jina la Kambise. Hata hivyo, jiwe la mfalme humsifu mfalme. Je, kuna Mmisri aliyejisemea mwenyewe?

Yupo. Udjahorresnet aliongoza manowari za Misri, kisha akawa tabibu wa mshindi na kumtungia jina la kifarao. Sanamu yake inaeleza alivyomwomba Kambise awaondoe wageni waliojazana katika hekalu la Neith, mjini Sais, na wakaondolewa. Anajitetea, bila shaka, ila angalau tunamsikia. Alitumikia wageni ili aokoe cha Wamisri wenzake. Kwa nini Mpangile asiwe amejaribu hivyohivyo?

Naona inawezekana sana: kiti mchana, chakula kwa ndugu usiku. Kuthibitisha ni kazi nyingine. Mwaka 1926 Waingereza walikirudisha kiti kwa Sapi, mwana wa Mkwawa, na simulizi ya ukoo huo ikapata wa kuiandika. Upande wa Mpangile, nani aliwahi kwenda kuuliza?