Kokoro
Kokoro ni riwaya ya Natsume Sōseki (1867–1916), iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi Shimbun, Japani, mwaka 1914. Mwanafunzi anajenga urafiki na mtu mpweke aliyemkuta ufukweni Kamakura, anamwita Sensei. Kila mwezi Sensei huzuru peke yake kaburi la rafiki yake, K, na mke wa Sensei hajui siri iliyopo. Siri hiyo inafichuka katika barua ndefu, sehemu ya tatu, ambayo kwa kweli ndiyo riwaya yenyewe: K alimweleza Sensei kuwa anampenda binti wa mama mwenye nyumba waliyopanga, naye Sensei akamzunguka, akatangulia kuposa. K akajiua. Msomaji wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi atamkumbuka Kazimoto, mhusika mkuu, ambaye naye anajiua.